Nani Aketi Kando ya Jaji? Uteuzi wa Washauri wa Mahakama Nchini Uganda Ukitazamwa kutoka Mengo

Tofauti na Uingereza, Uganda haiwakabidhi raia mamlaka ya kuamua hatia ya mshtakiwa. Katika Mahakama Kuu, jaji husikiliza kesi za jinai akisaidiwa na washauri wawili au zaidi. Ushahidi ukikamilika na jaji akishawafafanulia hoja, kila mshauri hutoa maoni yake kwa mdomo. Jaji hafungwi nayo, ila akiyakataa hutakiwa kueleza sababu. Mijadala mingi huishia hapo, kwenye uzito wa maoni, na swali la namna mshauri alivyopatikana husahauliwa.

Kwa mujibu wa kanuni, hakimu mkuu wa eneo huandaa orodha ya raia wenye umri wa miaka 21 hadi 60 wanaoielewa vya kutosha lugha ya mahakama. Lugha hiyo ni Kiingereza. Mengo, ambako biashara na ugomvi huendeshwa zaidi kwa Kiluganda, sharti hilo huwaacha nje wengi wanaoyajua vyema maisha ya mtaa, ambao ujuzi wao ndio uliotarajiwa kumsaidia jaji. Shahidi asiyejua Kiingereza hupewa mkalimani. Ni vigumu kuona kwa nini mkalimani huyohuyo asimtumikie mshauri.

Mengo ina historia yake katika jambo hili. Mkataba wa Buganda wa 1900 uliipa Lukiiko, pamoja na kazi ya baraza, jukumu la kusikiliza rufaa. Miongoni mwa wajumbe wake walikuwamo wateule 60, watatu kutoka kila moja ya kaunti 20. Kila kaunti iliwakilishwa. Hata hivyo aliyewachagua ni Kabaka. Orodha ya leo nayo hutegemea zaidi nani anafahamika kwa ofisi inayoiandaa.

Pendekezo lenye mashiko ni kura ya bahati nasibu kutoka daftari la wapiga kura. Japani hufanya hivyo tangu 2009: raia sita waliopatikana kwa kura huketi na majaji watatu na kuamua pamoja nao. Lakini bahati nasibu bila posho inayolipwa kwa wakati itamwangukia vibaya mchuuzi, ambaye siku moja mahakamani ni siku moja bila mapato. Mshauri mmoja akikosekana kesi huendelea na waliobaki. Wakikosekana zaidi ya mmoja husitishwa na kuanza upya, huku mshtakiwa akisubiri rumande.

Kenya iliufuta utaratibu huu mwaka 2007. Tanzania, baada ya hukumu kadhaa kubatilishwa katika rufaa kwa sababu washauri hawakuelekezwa ipasavyo, iliufanya wa hiari ya jaji mwaka 2022. Uganda ikifuata njia hiyo itaokoa muda na fedha, ila italazimika kueleza jinsi ibara ya 126 ya Katiba ya 1995, inayosema mamlaka ya mahakama hutokana na wananchi, itakavyotekelezwa ndani ya chumba ambamo hakuna mwananchi anayeulizwa neno.