Gurei: Mwalimu mwanafunzi kati ya ubao na soko

Mfanyabiashara anayepandisha unga, sukari na mafuta ya kupikia kutoka Elegu kupitia Nimule huujua mtaa wa Gurei, ukingoni mwa Juba upande wa magharibi, kwa wateja wake wa rejareja. Shule za huko hazijui, labda awe na mtoto anayesoma. Lakini kijana anayefanya mazoezi ya kufundisha katika shule za mtaa kama huo ni yule yule ambaye wenye maduka wangependa kumwajiri: anaandika Kiingereza, anaongea Kiarabu cha Juba, na hesabu anaiweza.

Mwanachuo wa ualimu hukabidhiwa mara nyingi madarasa ya juu ya shule ya msingi. Wazee waliosoma kabla ya miaka ya 1990 wanakumbuka mpangilio wa Sudan ya zamani: msingi miaka sita, shule ya kati mitatu, sekondari mitatu. Leo Sudan Kusini ina miaka minane ya msingi na minne ya sekondari, kwa hiyo ile shule ya kati imemezwa kwa sehemu kubwa na madarasa ya juu ya msingi. Humo ndimo mwalimu mgeni hukutana na watoto wa miaka kumi na moja wakiwa benchi moja na vijana wenye ndevu, ambao vita vya 2013 na 2016 viliwakatizia masomo. Mwalimu wa miaka ishirini na miwili anapomwambia mwanafunzi wa miaka kumi na minane asimame, inabidi achague sauti yake vizuri.

Wote humwita ustaz, na akiwa mwanamke, ustaza. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam atadhani ni mwalimu wa madrasa. Juba neno hilo ni la mwalimu yeyote, hata anayekwenda kanisani kila Jumapili.

Shida ya kwanza ni lugha. Kwa sera ya nchi, darasa la kwanza hadi la tatu mtoto hufundishwa kwa lugha ya nyumbani, kisha kuanzia la nne masomo yote huwa kwa Kiingereza. Katika mji ambamo Wabari, Wadinka, Wanuer, Wamoru na Wazande wanaishi mlango kwa mlango, lugha inayowaunganisha watoto ni Kiarabu cha Juba. Mwalimu mwanafunzi huingia na andalio la somo lililoandikwa Kiingereza safi, huuliza swali, na darasa hunyamaza. Akiligeuza kwa Kiarabu cha Juba, mikono inajaa hewani.

Hesabu huonyesha jambo hili waziwazi kuliko somo lolote. Andika ubaoni hamsini gawanya kwa nusu, na wengi watajibu ishirini na tano. Waulize badala yake: gunia la sukari la kilo 50, likipimwa kwa mifuko ya nusu kilo, litatoa mifuko mingapi? Mtoto anayemsaidia mama yake mezani sokoni atasema mia moja kabla swali halijaisha. Hesabu anayo, asichokuwa nacho ni njia ya kuiandika. Mwalimu anayeanzia kwenye gunia kisha akarudi ubaoni huokoa kipindi kizima. Anayeshikilia andalio lake kama lilivyo hutoka akisema watoto hawa ni wazito, na hapo anakosea.

Msaada mwingine umo darasani humo humo. Familia nyingi za Equatoria zilikimbilia kaskazini mwa Uganda, hasa kambi ya Bidibidi iliyofunguliwa Agosti 2016, na nyingine zilikwenda Kakuma, Kenya. Watoto waliorudi husoma Kiingereza kwa wepesi, na wa Kakuma huja na Kiswahili pia. Wao nao wana taabu yao: Uganda shule ya msingi huishia darasa la saba, Juba kuna la nane na mtihani mwingine mbele yake. Mwalimu mwerevu humkalisha aliyerudi karibu na asiyewahi kuondoka, mmoja atoe Kiingereza, mwingine atoe maneno ya mtaani.

Halafu kuna joto. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima, joto likitarajiwa kufika nyuzi 45, na Februari 2025 zikafungwa tena kwa wiki mbili baada ya wanafunzi kuzimia Juba. Chini ya mabati, kipindi cha baada ya saa sita mchana ni cha kuvumilia tu. Mazoezi ya kufundisha yenyewe ni ya muda mfupi, na wiki zinazoliwa na joto hazirudi.

Haya yote kijana angeyabeba kama malipo yangekuwa mbele yake. Anachokiona ni walimu wenyeji wake, wenye uzoefu wa miaka, wakisubiri mishahara ya serikali inayochelewa miezi, huku pauni ikishuka thamani kabla haijawafikia. Sokoni mtu hulipwa jioni. Mwenye lori anayehitaji karani wa kuandika mizigo hahitaji kumshawishi sana.

Wapo wanaojaribu kushika vyote viwili: asubuhi ubaoni, alasiri kwenye mizani ya duka soko la Jebel. Huko hukutana na wanafunzi wao wa darasa la tano wakipita na maji ya kuuza, nao humwita ustaz mbele ya wateja.