Kipande cha kiswa: jinsi ya kukitambua na kukitunza

Mapema mwaka 2025, wageni wa maonyesho ya sanaa za Kiislamu mjini Jeddah walijionea kitu ambacho hakikuwahi kuonyeshwa nje ya Makka: kiswa kizima, yaani vazi la Kaaba. Kilitundikwa katika jengo la mahujaji la uwanja wa ndege wa Mfalme Abdulaziz, mahali ambapo mahujaji wengi kutoka Afrika Mashariki hutua.

Vipande vya viswa vya zamani, hata hivyo, vilikwishasambaa duniani kwa karne nyingi. Vingine vimo katika makumbusho, vingine ndani ya masanduku ya familia zilizorithi. Tatizo ni kwamba vitambaa vya kuiga ni vingi, na mrithi asiyejua alichonacho anaweza kukiharibu kwa siku moja.

Vilivyosambaa

Kiswa hubadilishwa kila mwaka. Tangu mwaka 2022 kazi hiyo hufanyika mwanzoni mwa Muharram. Kabla ya hapo ilifanyika tarehe 9 Dhulhija, mahujaji wakiwa Arafa.

Zamani kiswa kilichoteremshwa kilikuwa fungu la Banu Shaiba, ukoo unaoshika ufunguo wa Kaaba. Kilikatwa vipande, vikagawiwa au kuuziwa mahujaji. Siku hizi kiswa kikuukuu kimo mikononi mwa serikali ya Saudi Arabia, ambayo hutoa sehemu zake kama zawadi. Umoja wa Mataifa ulipewa pazia la mlango wa Kaaba mwaka 1983.

Ishara za kuangalia

Ya kwanza ni rangi. Katika karne za karibuni kiswa cha nje kimekuwa cheusi. Hariri nyekundu au ya kijani, yenye maandishi meupe yanayopanda na kushuka kama meno ya msumeno, kwa kawaida ilifumwa enzi za dola ya Uthmaniya kwa ajili ya ndani ya Kaaba au kaburi la Mtume mjini Madina.

Ya pili ni mfumo. Katika hariri nyeusi, maneno kama shahada hufumwa kwa nyuzi nyeusi zilezile, na huonekana vizuri mwanga unapoangukia ubavuni. Maneno yaliyopigwa chapa juu ya kitambaa si ya kiswa.

Ya tatu ni zari. Mkanda wa kiswa na pazia la mlango hudariziwa kwa nyuzi za fedha zilizopakwa dhahabu, juu ya pamba inayoyainua maandishi. Fedha ya kale hufifia na kuingia weusi. Uzi wa plastiki hubaki uking’aa vilevile, na tarizi ya mashine huwa na mishono iliyolingana mno upande wa nyuma.

Ya nne ni jina. Pazia la mlango hutaja mtawala aliyeagiza kazi. Jina la Mfalme Farouk, kwa mfano, huonyesha kwamba pazia lilitengenezwa Cairo kati ya mwaka 1936 na 1952. Misri ndiyo iliyopeleka kiswa kwa karne nyingi. Mfalme Abdulaziz alianzisha karakana Makka mwaka 1927. Baadaye Misri ikarejea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha kazi ikabaki Makka moja kwa moja.

Utunzaji

Mwenye kipande cha namna hiyo asikifue, asikipige pasi wala kuisugua zari ili ing’ae. Maji huweza kuivujisha rangi, na kusugua huondoa dhahabu. Kisikunjwe, kwa kuwa hariri kuukuu hukatika penye mkunjo. Kiviringishwe pamoja na kitambaa safi cha pamba kisichotiwa rangi, kiwekwe pakavu, mbali na jua.

Lakini vipande vingi ni vidogo na havina jina wala tarehe. Hapo ushahidi mkubwa hutoka kwa watu: nani alikileta, alihiji mwaka gani, alikipata kwa nani. Habari hizo mara nyingi zimo katika kumbukumbu ya mzee mmoja tu wa familia. Zikiandikwa na kuwekwa pamoja na kitambaa, wajukuu watajua walichorithi. Asipoulizwa mapema, hubaki kipande cha hariri nyeusi ambacho hakuna awezaye kukitolea ushahidi.