Mcheza Ugenini Naye Hutuzwa

Wahenga walinena: mcheza kwao hutuzwa. Mimi nasema George Eddy alicheza ugenini, akatuzwa vilevile.

Mmarekani huyu alizaliwa mwaka 1956 katika jimbo la Florida, mama yake akiwa Mfaransa. Miaka ya 1970 alivuka bahari kwenda Ufaransa kucheza mpira wa kikapu. Uwanjani hakuvuma sana. Jina alilipata tangu mwaka 1985, alipoketi mbele ya kipaza sauti cha televisheni ya Canal+ kutangaza ligi ya Marekani, NBA, wakati Michael Jordan ndiyo kwanza anachipukia.

Kifaransa chake kilikuwa na lafudhi ya Kimarekani, na maneno ya kwao akiyachanganya humo humo. Watazamaji walimpenda hivyo hivyo, kwani mikono yake ilikwisha kuushika mpira anaousimulia.

Hapo pana funzo kwetu watu wa Pwani. Kiswahili fasaha tunacho, alhamdulillahi. Lakini ufasaha bila kuujua mchezo ni pambo tu. Wachezaji wetu wanaostaafu wasiachwe barazani na ujuzi wao. Na waitwe watangaze, lafudhi tutaizoea.