Kahawa Barazani, Bibi Benchini

Jua likishapinda, vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja hupata kivuli na baraza huanza kujaa. Muuza kahawa huweka dele juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono vinagongana, kashata inapita. Pale Jaws Corner huwa kuna televisheni, dhumna na ubishi wa siasa ambao haujapata mshindi hadi leo.

Baraza hizo za mawe na chokaa zilijengwa zikiambatana na kuta za nje, ili mwenye nyumba aongee na wageni wake bila kuwapitisha kwenye faragha ya familia. Mvua za masika zikifurisha njia, watu hupita juu ya baraza hizo. Si ajabu kwamba hata mawaziri, wakikutana, nao huitwa baraza.

Wataalamu wanaopima furaha kwa takwimu walichelewa kidogo kuona thamani ya kukaa pamoja hivyo. Ripoti ya Furaha Duniani, inayotolewa tangu 2012, humtaka mtu afikirie ngazi yenye hatua 0 hadi 10, kisha aseme maisha yake yako hatua ya ngapi. Ufini imeshika nafasi ya kwanza tangu 2018, na nchi za Afrika Mashariki kwa kawaida huangukia nusu ya chini. Msomaji asishangae: anayeulizwa kuhusu maisha yake hukumbuka pia kodi ya nyumba, ada na hospitali, na kicheko cha barazani hakilipi hata kimoja. Lakini ripoti ya 2025 iligeukia jambo la jikoni, yaani watu hula na nani. Nchini Marekani, mwaka 2023, takriban mtu 1 kati ya 4 alisema milo yake yote ya jana yake aliila peke yake. Ni nchi tajiri hiyo.

Hukohuko Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard kilianza mwaka 1938 kuwafuatilia wanafunzi wake 268. Baadaye utafiti ukaunganishwa na wa vijana 456 wa mitaa maskini ya Boston. Wakafuatwa hadi uzeeni. Ilipokuja kuangaliwa ni nani aliyefika miaka 80 akiwa na afya njema, dalili iliyotabiri vizuri zaidi ilikuwa jinsi alivyoridhika na watu wake wa karibu alipokuwa na miaka 50, kuliko hata kiasi cha lehemu katika damu yake.

Hata hivyo, baraza lina mipaka yake. Kwanza, kwa kiasi kikubwa ni la wanaume. Wanawake wana ua, upatu na shughuli za harusi. Pili, barazani mtu hutaniwa. Aliyefiwa na mtoto, au aliyeachwa na deni lisilolipika, hawezi kulia pale mbele ya wacheza dhumna.

Kwa mtu kama huyo, jibu moja lilizaliwa Harare, Zimbabwe. Mwaka 2005 Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wachache mno wa magonjwa ya akili nchini humo, alimpoteza mgonjwa aliyejiua. Familia ilikosa nauli ya kumfikisha hospitali, dola 15 tu. Daktari akaona kwamba kungoja watu waje kwake hakutoshi. Mwaka 2006 alianza mtaani Mbare na akina bibi 14. Vyumba vya zahanati vilikuwa vimejaa, basi wakakaa nje, kwenye benchi.

Alitaka kuliita benchi la afya ya akili. Akina bibi wakamkatalia: nani atakubali kuonekana amekaa hapo? Kwa Kishona likaitwa *Chigaro Chekupanamazano*, kiti cha kupeana mashauri. Hata ugonjwa hawakuuita kwa jina la kitabuni. Walisema *kufungisisa*, kufikiri kupita kiasi; Mswahili angesema tu, "Ana mawazo." Bibi husikiliza, humsaidia mgeni wake kuchagua tatizo moja kati ya mengi, kisha wanapanga pamoja hatua ya kuanzia. Baada ya juma moja au zaidi wanakutana tena kuona imekwendaje.

Mambo haya yalijaribiwa kisayansi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Watu 573 kutoka zahanati 24 za Harare waligawanywa: wengine wakapewa huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo, wengine wakapelekwa benchini. Baada ya miezi 6, dalili za sonona zilionekana kwa karibu nusu ya kundi la kwanza, na kwa asilimia 14 hivi ya waliokaa benchini.

Anayemaliza benchini hukaribishwa kwenye kikundi kiitwacho *Kubatana Tose*, maana yake kushikana pamoja. Huko watu hufuma mifuko kwa plastiki iliyokwishatumika huku wakizungumza, na mifuko huuzwa. Hapo ndipo benchi la watu wawili linapoanza kufanana na baraza, isipokuwa lina kina mama wengi na linaingiza fedha kidogo.

Mpango huo umeshavuka mipaka hadi Malawi, na hata Zanzibar, ambako viti vya mawe vilikuwa tayari ukutani. Kilichohitajika ni kona tulivu, mbali kidogo na dhumna.