Magari ya watalii yenye vitanda: maji machafu huenda wapi?

Msikilizaji wetu unayeishi kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya, huenda umewahi kuyaona: magari ya watalii yenye kitanda, jiko na choo ndani. Hukatiza Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara hupita katikati ya wanyama, na mengine husimama Isimila, karibu na Iringa, kwenye zana za mawe za watu wa kale. Usiku wenyewe hulala humo humo garini.

Kwa kawaida gari hilo hubeba matangi matatu. La kwanza ni la maji safi. La pili hupokea maji ya kuogea na kuoshea vyombo. La tatu ni la choo, na mara nyingi hutiwa dawa ya kukata harufu.

Hapo ndipo kijiji kinapohusika. Mgeni akiomba kulala uwanjani kwenu, muulizeni kwanza atamwaga wapi. Uchafu wa choo ukiingia mtoni, wanaochota maji upande wa chini wanaweza kuugua tumbo la kuhara.

Nchini Ufaransa, vijiji vingi vimetenga eneo lenye bomba la maji safi na shimo maalumu la kumwagia. Mgeni akishamwaga, huingia kijijini kununua mkate na mboga.

Nasi tunaweza kuanza na kidogo tulicho nacho: choo cha shimo kilicho mbali na kisima, na mtu wa kumwonyesha mgeni kilipo kabla hajafungua tangi.