Unataka kufuga kuhe ndani? Piga hesabu kwanza

Wadau, kuna jamaa yangu kang'ang'ania kufuga kuhe, yule mla samaki wenzake wa Ziwa Tanganyika. Akiwa mdogo anapendeza, ila anakua mpaka sentimita 80 hivi. Sasa tuambiane ukweli.

Tangi la urefu wa sentimita 240, upana 90 na kimo 75 linabeba lita 1,620. Lita moja ya maji ni kilo moja, yaani tani 1.6, bado vioo na mawe! Liweke chini kwenye sakafu ya zege, sio ghorofani.

Pili, usitie samaki siku hiyo hiyo. Taka zao hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wa kwenye chujio huigeuza kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu, kisha naitreti iliyo nafuu. Washa chujio, tia chakula kidogo kioze, subiri wiki 4 hadi 6. Klorini ya maji ya bomba nayo inaua samaki na bakteria, itoe kwanza.

Halafu samaki yeyote anayeenea mdomoni mwake ni kitoweo.

Huna nafasi? Fuga wadogo. Kuhe kwenye tangi dogo unamuua taratibu, ndo hivyo.