KOHELET: KITABU KILICHOTAFUTA FAIDA KIKAONA FUNGU

Miongoni mwa vitabu 24 vya Maandiko Matakatifu ya Wayahudi kimo kimoja kilichowasumbua sana wenye elimu ya dini. Kwa Kiebrania chaitwa Kohelet. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wakijua kwa jina la Mhubiri. Ni kifupi, sura 12 tu, lakini chauliza swali ambalo mwenye jembe na mwenye kalamu hujiuliza jioni akiisha choka: Kazi yote hii ina faida gani, ikiwa mwisho wa kila mtu ni kaburi?

Mapokeo ya Wayahudi husema kwamba mwandishi wake ni Mfalme Sulemani. Wataalamu wengi wa siku hizi hawakubali, kwa kuwa Kiebrania chake ni cha zama za baadaye, tena kina maneno ya asili ya Kiajemi. Wengi wao hukisia kwamba kiliandikwa karibu na karne ya tatu kabla ya Kristo.

Mwisho Mmoja kwa Wote

Neno linalorudiwa sana kitabuni ni hevel, ambalo kwa Kiswahili limefasiriwa kuwa ubatili. Maana yake ya asili ni pumzi au mvuke, kitu kionekanacho kidogo kisha chatoweka. Hata Habili mwana wa Adamu, aliyekufa kabla ya wakati wake, jina lake kwa Kiebrania ni neno lilo hilo.

Kohelet hafichi neno. Mwenye hekima na mpumbavu, mwema na mwovu, wote hupatwa na mwisho mmoja. Mtu hukusanya mali kwa jasho, akamwachia mrithi ambaye huenda akawa mjinga. Mwenye mbio hashindi sikuzote, wala mwerevu hapati chakula sikuzote. Bahati na ajali huwakuta wote. Katika sura ya 3 mwandishi ataja nyakati 28, mbili mbili, tangu kuzaliwa hata kufa, kisha aonya kwamba mwanadamu hawezi kuifahamu kazi ya Mungu tangu mwanzo hata mwisho.

Faida na Fungu

Msomaji angetazamia aambiwe kwamba, kama mambo ni hayo, heri kukaa kitako. Sivyo. Mara saba kitabu hiki chasifu furaha: kula, kunywa, na kuona mema katika kazi ya mikono. Sura ya 9 yamtaka mtu avae mavazi meupe, ajipake mafuta kichwani, na afurahi pamoja na mke wake. Na papo hapo yamtaka asifanye kazi yake kwa ulegevu.

Siri imo katika maneno mawili. La kwanza ni yitron, yaani faida, ile ziada ibakiayo baada ya hesabu kufungwa. Kohelet aliitafuta chini ya jua asiipate. La pili ni helek, yaani fungu, sehemu ambayo mtu amegawiwa. Hilo lipo. Fungu halimzuii mtu kufa, lakini ni lake siku za uhai wake, nalo ni zawadi ya Mungu.

Wala kutojua yajayo si udhuru wa uvivu. Sura ya 11 yasema juu ya mkulima akodoleaye macho upepo na mawingu: huyo hatapanda wala hatavuna. Afadhali apande asubuhi, na jioni asiulegeze mkono, kwa sababu hajui ni mbegu ipi itakayostawi.

Wenye Elimu Wabishana

Kitabu cha namna hii hakikukubaliwa bila mashindano. Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200, yaeleza kwamba wafuasi wa Shammai hawakukihesabu kuwa kitakatifu, lakini wafuasi wa Hillel walikihesabu. Talmud nayo yasimulia kwamba wakuu walitaka kukificha kwa kuwa maneno yake yapingana: mahali pamoja chasifu furaha, mahali pengine chaidharau. Hawakukificha, kwa sababu mwanzo wake na mwisho wake ni maneno ya Sheria. Nao wakaeleza kwamba furaha isifiwayo ni ile ifuatanayo na kutimiza amri ya Mungu.

Hata leo Wayahudi wengi, hasa wale wa asili ya Ulaya, hukisoma katika Sabato ya Sikukuu ya Vibanda, ambayo ni sikukuu ya mavuno. Mazao yamekwisha kuingia ghalani, na mwenye mazao huketi katika kibanda kilichoezekwa kwa matawi, ambacho hakijengwi kidumu. Wafikapo mwisho hurudia aya iliyotangulia ile ya mwisho, ili wasiishie kwenye neno la hukumu, bali kwenye wajibu wa kumcha Mungu na kushika amri zake.

Basi Kohelet hamwahidi mtu kwamba shamba lake au jina lake litadumu milele. Humwambia kwamba siku ya leo, na kazi iliyomo, na chakula cha jioni pamoja na watu wake, ni fungu alilopewa. Na fungu lisilopokewa kwa furaha limepotea bure.